Paa Lililokataa Kuvuja

Mkwe wangu hawezi kupigilia msumari. Ni mtu mwema, anampenda mwanangu, na kila asubuhi ananiamkia shikamoo kwa Kiswahili alichojifunza kwenye simu. Lakini ukimpa nyundo utadhani umempa kichanga cha watu: anaishika kwa mikono miwili na kuangalia huku na huku amwone mwenyewe amrudishie. Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba atajenga kibanda uani, nilikaa chini nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

"Usicheke, Mama," akasema. "Lazima nijenge. Ni Sikukuu ya Vibanda."

Hiyo naijua. Mimi ni Mwanglikana wa Muheza. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini Biblia naisoma, tena kwa sauti. Vibanda vimo. Wana wa Israeli walipotoka Misri walikaa jangwani kwenye vibanda, na Mungu akawaambia wasije wakasahau, wawe wanarudi vibandani siku saba kila mwaka, na siku zenyewe wafurahi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba watu wanafanya hivyo hadi leo, tena hapa Sydney, hapa Seven Hills, nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya kuanikia nguo na mapipa ya taka.

Mwanangu aliingia dini ya mumewe. Alisoma miaka, akaulizwa maswali na wazee wa dini, akafaulu. Mimi nililia siku mbili, siku ya tatu nikamuuliza kama bado atakula ugali, akasema atakula, basi nikanyamaza. Mtoto wao akazaliwa ndani ya dini hiyo. Mjukuu wangu ni Myahudi mzima na Mbondei mzima, na kama hesabu hiyo haikuingii, njoo umwone akisikia ngoma.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Mama yake mkwe wangu, yaani bibi mwenzangu, anaishi upande wa pili wa mji, karibu na bahari. Mjukuu wetu anamwita Bibi wa Baharini. Ni mjane kama mimi. Tangu watoto wetu waoane, yule mama hakuwahi kula chakula cha mwanangu. Kuja anakuja, lakini anakuja kama msoma mita. Anasimama, anambusu mtoto, anakunywa maji ya chupa aliyokuja nayo mkobani, anakwenda zake. Hakuwahi kututukana. Ana adabu, na hiyo adabu ndiyo ilikuwa inauma, maana mtu akikutukana unamjibu. Akikupa adabu utamjibu nini?

Dini yao ina sheria za jiko. Vyombo vya nyama mbali, vya maziwa mbali, nyama inatoka bucha maalumu. Mwanangu anazishika sheria hizo kuliko hata mumewe. Kabati zake zina vyombo vya rangi mbili kama jezi za timu mbili, na ole wako uchanganye kijiko. Hata hivyo bibi mwenzangu alikuwa hajaliamini jiko lile. Mwanangu hakulalamika hata mara moja. Kila sikukuu alipika sufuria moja zaidi, na kila sikukuu sufuria ile tuliila sisi wenyewe, siku tatu mfululizo.

Mwaka huu mjukuu wangu alichukua simu ya baba yake, akampigia Bibi wa Baharini bila kumuuliza mtu, akamwambia aje alale kwetu kwenye sikukuu. Nilikuwa nimekaa pale. Sikusikia jibu, lakini nilimwona mtoto anatikisa kichwa kama mtu anayeshauriana na waziri, kisha akakata simu, akasema, "Anakuja."

Mwanangu alikuwa anaosha vyombo. Sahani ikamponyoka.

Kuja kwenyewe si kama kuja kwa siku nyingine. Yule mama akishaingia jua likazama, sikukuu imeingia, na sikukuu ikiingia yeye hapandi gari mpaka itoke. Maana yake atalala kwetu, ataamka kwetu, na tumbo lake litakuwa kwetu. Mwanangu alianza kupanga chakula tangu usiku ule. Mimi nikasema moyoni, basi na kibanda kiwe kibanda.

Mkwe wangu alinunua mabomba ya chuma na kuta za turubai. Vilikuja kwenye boksi lenye picha za kuelekeza, vikasimama uani baada ya yeye kuvisimamisha mara mbili na upepo kuviangusha mara moja. Likabaki paa.

"Paa ni majani tu, Mama," akaniambia. "Majani yaliyokatwa. Hakuna bati, hakuna turubai, hakuna plastiki. Na kivuli kiwe kingi kuliko jua."

Hayo ndiyo aliyoniambia. Baadaye aliapa kwamba hakuona haja ya kuongeza neno, kwa sababu hakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu chini ya mbingu anayeweza kuezeka majani yasivuje.

"Majani niachie mimi," nikasema.

Mimi nimekulia chini ya makuti. Mama yangu alikuwa anashona makuti ya nyumba yetu na ya kuuza, na sisi wasichana tulijua kukunja jani juu ya ufito kabla hatujajua kuwasha moto. Kwetu nyumba yako ikivuja, jirani anakuja kuomba chumvi ili apate tu kuangalia juu. Halafu anakwenda na chumvi yako na habari yako. Mama yangu hakuwahi kumpa mtu nafasi hiyo. Mvua za masika zilikuwa zinapiga juu, na sisi chini tunacheza kete kwenye vumbi kavu.

Shule zilikuwa zimefungwa, mjukuu yuko nyumbani. Tukatoka. Huku Sydney kuna miti kama minazi, mirefu, ya urembo tu, haizai nazi. Inazaa vitunda vya rangi ya chungwa ambavyo popo wanavigombania. Wenye nyumba hawaipendi. Kila ukipita mtaani unakuta makuti yake yamekatwa, yamelundikwa nje yangojee gari la taka. Kwangu mimi ilikuwa kama kukuta vitenge vimetupwa barabarani. Nikajitwisha. Mjukuu akaburuta mengine kwa nyuma, anaimba.

Tulipofika kwenye kona, akatushukia ndege. Wale ndege wa huku weusi kwa weupe, wanaofanana na kunguru, majira haya wanatotoa na hawataki mtu apite chini ya mti wao. Akanijia kichwani mara ya kwanza, nikainama. Akanijia mara ya pili, nikamtukana Kibondei. Mara ya tatu nikajifunika lile kuti lote nikakimbia nalo, mimi na magoti yangu, na mjukuu nyuma yangu anacheka hadi anakaa chini barabarani. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa anamwagilia maua alisimama na mpira wake wa maji, anatazama kichaka kinakimbia.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kikongo, ametoka Bukavu, anafanya kazi ghala moja huku viwandani, zamu ya asubuhi. Aliporudi akachungulia juu ya uzio akaona uani pamejaa.

"Bibi, hii majani yote ni ya nini? Unataka kufuga mbuzi?"

"Ya sikukuu. Nyumba hii ni ya Kiyahudi, mama. Tunajenga kibanda."

"Ile ya mu Biblia? Ya Musa?"

"Hiyo hiyo."

"Ah bon? Kumbe bado iko?" Akatoweka. Nikadhani amekwenda kupumzika. Akatokea mlangoni na kisu, kanga kiunoni, na simu inaimba mapambio. "Mimi kila siku ninahubiriwa juu ya hii vibanda, sijaiona. Nipe kazi."

Nikampa kazi. Kamba nilikuwa nimenunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na ilikuwa kamba ya katani. Mtu wa Tanga nimepanda ndege mbili kuja kununua katani Australia. Nilimwonyesha jinsi ya kukunja jani juu ya ufito, kulibana na lenzake, na kupitisha kamba. Mikono yangu haikuniuliza swali hata moja. Tulishona siku ile na kesho yake, na keshokutwa tukapanda ngazi, mimi juu, yeye anashika na kunikemea kwamba nikianguka atasema nini polisi. Nikaezeka kuanzia chini kwenda juu, kuti linalalia kuti, kwa mwinamo, kama inavyotakiwa. Nilipomaliza, nilikaa kwenye ngazi nikalitazama paa langu. Nisiseme uongo, lilikuwa zuri kuliko nyumba yenyewe.

"Lijaribuni," nikasema.

Mjukuu akaingia ndani ya kibanda. Mama wa Bukavu akafungulia mpira wa maji. Akapiga paa maji, kwanza kidogo, halafu kama zimamoto. Yakawa yanateremka pembeni kama pazia. Mtoto ndani anapiga kelele kwamba pakavu, Bibi, pakavu, hata tone, na jirani yangu akaanza kucheza na mpira mkononi, akatulowesha wote, na uani pakawa tope tupu isipokuwa kibandani.

Mwanangu alikuwa anatoka gizani kwenda kazini na kurudi gizani, ili apate ruhusa ya siku za sikukuu. Alifanya kazi hivyo mpaka siku ya mkesha. Mchana ule ndipo alipoliona paa kwa jua. Akasimama na mfuko wa vitunguu mkononi.

"Mama," akasema. "Kama kwa babu."

Akaingia jikoni. Sheria za vibanda alizisoma vitabuni, zote, lakini siku hiyo akili yake yote ilikuwa kwenye samaki. Alikuwa anapika samaki wa nazi, changu wa magamba mazuri, na wali, na ile mikate yao ya kusukwa kama nywele. Jasho linamtoka. Nikimwambia apumzike anasema bado. Nikionja nikimwambia chumvi imekaa, ananiuliza imekaa vipi, Mama, imekaa sawa au imekaa tu?

Jioni, jua likiwa bado liko juu kidogo ya bati la jirani, gari likaingia. Bibi mwenzangu akashuka. Mdogo wa mwili, kofia nzuri, viatu vya kuheshimika. Mkwe wangu akafungua buti, akatoa begi la nguo. Kisha akatoa boksi la barafu, lile la kubebea vinywaji pikiniki. Halikuwa na vinywaji. Mama yule amekuja na chakula chake. Na sahani yake, na uma wake.

Mwanangu aliliona boksi akiwa mlangoni. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaja akamkaribisha, akabusiwa mashavu yote mawili kwa adabu.

Mjukuu wangu ndiye hakuwa na habari za boksi. Yeye alikuwa na paa. Akamshika Bibi wa Baharini mkono akamvuta mpaka kibandani, akamsimamisha katikati kabisa, akamwambia asisogee. Akatoka mbio. Kabla mtu mzima yeyote hajafahamu, akafungulia mpira wa maji.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kibanda, kifua mbele. Maji yakalia juu ya makuti. Bibi mwenzangu akajikunyata akashika kofia. Akangoja. Akanyoosha kiganja. Akatazama juu. Hakuna hata tone. Nikamsubiri anisifu.

Uso wake ukabadilika. Akamwita mwanawe. Mkwe wangu akaingia, akatazama juu, akafumba macho kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko la gesi linawaka. Wakaanza kuongea Kiingereza cha haraka haraka. Kiingereza changu ni cha dukani na cha daktari, hicho kilinipita. Nikamwita mjukuu, amefunga maji, anakuja anaringa.

"Bibi yako anasema nini?"

Akasikiliza. Akanitafsiria kwa Kiswahili chake cha vipande, maana akiona jambo ni kubwa huwa anajitahidi. "Anasema paa lako ni zuri sana."

"Ahsante."

"Anasema ni zuri mno. Hawezi kula hapa. Mvua lazima iweze kuingia."

Nikadhani mtoto amekosea. "Muulize tena."

Akauliza tena. "Lazima iweze kuingia. Na nyota zionekane. Kama mvua haiingii, hiyo ni nyumba, si kibanda."

Damu ikanipanda. Miaka yangu yote hii, nimesifiwa paa, nimeonewa wivu wa paa, sijawahi kuambiwa kwamba kosa la paa ni kutovuja. "Mwambie," nikasema, "mvua ikiingia, hilo si paa. Hilo ni chujio."

Mtoto akapeleka ujumbe. Bibi mwenzangu akanitazama mimi, si mtoto, akasema polepole. Mtoto akaniletea: "Anasema ndiyo. Kwenye sikukuu tunakaa chini ya chujio."

"Kwa sababu gani?"

Hapo yule mama alizungumza kwa kirefu, na mjukuu alikuwa anakuna kichwa kutafuta maneno, na mkwe wangu anamsaidia. Kwamba jangwani wale watu hawakuwa na paa la maana. Jua lilikuwa linawapata na upepo unawapata. Waliopona hawakuponywa na majani, waliponywa na Mungu. Kwa hiyo kila mwaka wanatoka kwenye nyumba zao nzuri, wanakaa mahali ambapo mtu hawezi kujidanganya kwamba kinachomlinda ni fundi. Ukiezeka sana, unaanza kuliamini paa.

Mimi kanisani nimesimama mara nyingi nikasema namtumaini Bwana, halafu nikifika nyumbani najaribu kitasa mara tatu. Sikumwambia mtu hilo. Lakini lilinifika.

Kisha bibi mwenzangu akamwambia mwanawe maneno machache, taratibu, na hayo niliyaelewa bila mkalimani. Amrudishe kwake jua halijazama.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayewapunguzia watu aibu. Mkwe wangu akatazama jua, akatazama gari. Na mimi nikamtazama mwanangu. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, hapigi hatua mbele, hapigi nyuma. Hakuwa analia. Alikuwa na ule uso wa kila sikukuu, wa mtu anayejua sufuria itakayobaki.

Nikaenda nikachukua ngazi.

"Mama, unafanya nini?" mkwe wangu akaniuliza.

"Niliezeka mimi, nitaezua mimi. Jua likizama hamfanyi kazi, si ndivyo? Basi usinisimamie hapo kama mlingoti. Shika ngazi."

Nikapanda na kisu. Nikakata kamba ya kuti la juu kabisa, lile la mgongoni, ambalo lilinichukua nusu siku kulikaza. Likaanguka likamfunika mkwe wangu. Nikakata la pili. Nilitegemea kwamba moyo utaniuma, lakini kitu kingine kikaniingia, sijui nikiiteje, kama utoto. Kuti linalia chwaa, linaanguka, na mbingu inatokea. Nikaanza kucheka huko juu. Mjukuu akaona Bibi anacheka, akaruka akaning'inia kwenye kuti la pembeni, likatoka zima, wakaanguka wote kwenye tope.

Jirani yetu akachungulia juu ya uzio. "Eh. Munabomoa? Muligombana?"

"Hatukugombana. Linatakiwa livuje."

"Livuje?" Akatutazama mmoja mmoja. "Siku tatu minashona, vidole inatoka damu, sasa livuje. Muko wazima?"

"Njoo utusaidie kulitoboa, jua linakwenda."

"Mungu wa Ibrahimu," akasema, na akapanda uzio badala ya kuzunguka mlangoni.

Sasa bibi mwenzangu alikuwa bado amesimama pale katikati ya kibanda, majani yanamwangukia kofiani. Nikasikia anasema kitu. Mjukuu akacheka, akanipandishia: "Anasema unakata pole pole. Jua halikungoji."

"Mwambie kwetu makuti haya yanakaa miaka saba."

Ujumbe ukashuka, jibu likapanda. "Anasema miaka saba ni mingi kwa karamu ya siku saba."

"Mwambie kama anajua sana, apande yeye."

Haki ya Mungu, nilikuwa natania. Yule mama alivua viatu. Akavipanga pembeni vizuri, akavua kofia akaiweka juu ya viatu, akavuta kiti cha plastiki, na mwanawe akapiga ukelele wa hapana, Mama, nyonga yako. Akapanda. Mikono yake ilifikia mwisho wa makuti ya chini. Akashika moja, akavuta kwa nguvu zake zote, na lilipotoka akapepesuka nalo, na mwanangu, ambaye alikuwa bado amesimama pale mlangoni, akatupa mwiko akaja mbio akamdaka kiunoni.

Wakabaki hivyo, mmoja juu ya kiti, mmoja amemkumbatia kiuno, na kuti juu yao. Nikadhani atashuka sasa. Akasema kitu, na mwanangu akajibu kwa Kiingereza, na nikaona anacheka.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema nisimwachie, Mama. Anataka na lile la pili."

Basi akavuta la pili, na la tatu, mwanangu amemshikilia. Yule mama akawa anavuta kama anang'oa magugu ya miaka mingi. Nywele zake zilifumuka. Alikuwa anasema maneno ya lugha yao, mkwe wangu akawa mwekundu, mjukuu akauliza maana yake, akaambiwa ataambiwa akikua. Mimi juu, yeye chini, tukakutana katikati, nikampa mkono nimsaidie kufikia ufito, akaushika. Kiganja chake kigumu kama changu. Sikukitegemea.

Tukayarudisha majani machache juu, kwa kuyatupa tu, bila kamba wala mpangilio, kazi ya aibu, kazi ambayo mama yangu angenichapa. Kivuli kikazidi jua kwa kidogo. Bibi mwenzangu akaingia chini, akatazama, akaonyesha pengo moja kwa kidole, nikalipanua. Akaitikia kwa kichwa kwamba sasa sawa. Jua lilikuwa limebaki kama ukucha juu ya bati la jirani. Wanawake wakakimbilia ndani kuwasha mishumaa, tope miguuni, majani kichwani. Mama wa Bukavu aliondoka akinung'unika kwamba kanisani kwao hawatamwamini.

Tukakaa mezani kibandani. Mkwe wangu akaimba baraka juu ya kikombe, sauti yake anayo nzuri, hiyo siwezi kumnyima. Tukavunja mkate. Upepo ukaja, jani likaanguka ndani ya kachumbari, mjukuu akalitoa akalilamba. Popo wakapita juu, tukawaona kwenye mapengo, mmoja mmoja. Kisha nyota. Nilikuwa sijawahi kula nikiziona nyota kupitia paa nililoezeka mwenyewe, na wala sikuona haya. Nilicheka peke yangu. Manyunyu yakaja kidogo yakatudondokea, yakakoma. Nikafuta uso kwa kanga nikaendelea kutafuna. Nilikuwa sina kitasa cha kujaribu.

Boksi la barafu lilikuwa pembeni ya kiti cha bibi mwenzangu. Mwanangu aliwapakulia watu samaki. Alipofika kwake akasita, upawa hewani, hakujua apite au asimame. Hata mjukuu alinyamaza, na huyo kunyamaza kwake ni muujiza wa sikukuu.

Yule mama alikuwa bado ana jani nyuma ya sikio. Akaichukua sahani ya mwanangu iliyokuwa mbele yake, akainyanyua kwa mikono miwili, akaisogeza chini ya upawa.

Mwanangu akampakulia. Mchuzi ukamwagika mezani. Bibi mwenzangu akala. Nilimtazama bila adabu yoyote, kila tonge. Akala samaki, akatoa mwiba akauweka pembeni, akala wali, akafuta mchuzi kwa mkate. Hakusifu. Mkwe wangu alikuwa ameinamia sahani yake bila kula. Kisha yule mama akamwambia mwanangu neno moja, na mwanangu akainuka akachukua bakuli akaingia jikoni.

Hakurudi upesi. Tukangoja. Nikasema kimoyomoyo, ni mwiba, ni pilipili, ni nini tena, nikainuka nikamfuata.

Nilimkuta amesimama mbele ya jiko, mfuniko wa sufuria mkono mmoja, upawa mkono wa pili, mvuke unampiga usoni, anacheka na machozi yanateremka, na hapakui.

"Nini?" nikamuuliza.

"Ameomba tena, Mama."

"Basi pakua," nikamwambia. "Mtu ana njaa."